Saa Iliyokaa Mtungini

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa saa. Wanaume wengine hupenda pombe, wengine hupenda wanawake. Yeye, Mungu amrehemu, alipenda saa za mkononi, na nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba afadhali angependa pombe, maana pombe huisha chupani mtu akalala. Alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, kila moja na kitambaa chake. Jumapili tukitoka kusali alizitandaza mezani na kuzifuta moja moja. Zilikuwa tisa. Saba ni za kawaida, za kununua sokoni. Mbili zilikuwa saa za wapiga mbizi, kazi ya Uswisi, na bei yake ukiisikia utadhani unatajiwa mahari ya binti wa chifu.

Tulikaa Nchelenge, mji wa wavuvi ufukweni mwa ziwa. Mimi ni mtu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilivuka na vitenge vya kuuza, nikitafuta samaki wakavu, nikampata yeye. Alikuwa mwenyeji, fundi wa injini za boti. Kiswahili alijifunza kwa wachuuzi wa kwetu, akakivunjavunja apendavyo, na nyumbani tulichanganya changu na Kibemba chake, tukaelewana. Watoto hatukupata. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililofanya mengine yote yawe mazito.

Ya kwanza kati ya hizo mbili aliipata kwa mzee mmoja wa Kigiriki aliyefanya biashara ya samaki tangu zamani, siku mzee huyo alipofunga duka. Ilikuwa na uso mweusi, mkwaruzo kwenye kioo karibu na namba nne, na pete ya chuma inayozunguka. Mzee alimfundisha: kabla hujazama, zungusha pete mpaka nukta yake ielekee mshale wa dakika, ukiibuka utajua umekaa majini muda gani. Na mume wangu alizama kweli. Kamba ikilegea, injini hudondoka ziwani, na injini moja ni chakula cha nyumba nzima, kwa hiyo waliokumbwa na hayo walimwita yeye. Alijifunga kamba kiunoni, akazungusha pete, akaenda chini, ziwa lenyewe lina mamba, na mimi nimesimama ufukweni nikiuma pindo la kitenge. Akiibuka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua mkono na kutazama saa. Si mimi. Saa. Niliichukia kama mke mwenza.

Ya pili ilikuwa ya buluu. Ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati watu wa kwetu walipokuwa wakivuka kwa boti kukimbia vita, wengine na magodoro, wengine na mikono mitupu. Mmoja alikuwa bwana mkubwa wa migodi. Hakuwa na kitu cha kubadilisha isipokuwa ile saa, na mume wangu akampa baiskeli na magunia ya chisense, wale samaki wetu wadogo wa kuanika, ili bwana yule aanze maisha. Ilikuwa nzuri, jamani, sisemi uongo. Uso wake ulikuwa na rangi ya ziwa saa sita mchana, na pete yake ilizungushiwa uzi mwembamba wa dhahabu. Hakuivaa hata siku moja. Alisema ni ya kutazama tu.

Halafu kifua kikamkamata. Alianza kukohoa wakati wa joto, na mvua ziliponyesha alikuwa hawezi kufika ufukweni bila kupumzika mara mbili. Ilikuwa miezi ile ambayo uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Boti zimepinduliwa mchangani, hakuna injini ya kutengeneza, mji wote umekaa tu. Mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, mwanamume wa miaka kama thelathini mwenye kibanda cha kuziba matairi mjini Mansa, alifunga kazi yake akaja kunisaidia kumgeuza na kumwogesha. Mimi nilikwenda kiliniki na kurudi, kiliniki na kurudi, na dawa zenyewe siku nyingine zipo, siku nyingine hazipo.

Mchana mmoja mpwa akiwa ametoka, mume wangu aliniita, akamimina kopo lote juu ya blanketi, akazitenga zile mbili.

"Chagula moja," akasema. "Mi nikikufa, bandugu yangu batakuja. Unajua namna yetu."

Nilijua. Kwao ukoo hufuata upande wa mama. Mtu akifa, vitu vyake hurudi kwa dada zake na watoto wa dada zake. Mpwa mmoja huketishwa juu ya mkeka, hunyweshwa maji, huvishwa kitu alichokivaa marehemu, na tangu saa hiyo hubeba jina lake. Mjane asiye na mtoto hutoka na nguo zake. Nisiwaseme vibaya, kila kabila na mambo yake. Lakini mimi nilikuwa sina hata mtoto wa kumtazama pua nikasema hii ni ya baba yake.

"Bote banajua niko na saa ya kuzama," akasema. "Lazima bakute moja. Ile ingine ni yako. Chagula."

"Wewe unataka nichukue ipi?"

"Mi sitaki kitu. Chagula yenye roho yako inapenda."

Nikaziweka viganjani, moja huku, moja huku. Nyeusi ilikuwa na joto la mkono wake. Mkanda ulikuwa umekakamaa kwa jasho na maji ya miaka yote ile. Ya buluu ilikuwa baridi na safi. Nikafikiri juu ya bei yake, ndiyo, nilifikiri. Mwanamke anayeachwa peke yake nchi ya watu hufikiri mambo hayo. Nikafikiri pia juu ya siku zote nilizosimama ufukweni.

"Hii," nikasema, nikainua ya buluu. "Hii haijawahi kukuchukua mahali."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Sikumtazama uso, nilikuwa naitazama saa yangu. "Bon," akasema akipata pumzi, akajivisha nyeusi tena. Ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko. "Utaficha wapi?"

"Kwenye unga."

"Dada yangu ataanza na unga. Weka mu maji. Ni saa ya maji, haiogope."

Basi nikaitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa, ule uliokaa pembeni mwa jiko, ikatua chini kabisa.

Alifariki kabla ziwa halijafunguliwa. Sitaeleza siku ile. Watu walijaa, wakalala kwenye mikeka, na msiba ukakaa mwezi mzima. Wote walikunywa maji ya mtungi ule, na kila mara nilichota mwenyewe kwa kikombe cha bati, taratibu, nisiguse chini. Wakanisifu. Walisema tazameni mjane huyu, amefiwa na bado anahudumia watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya kumaliza matanga, wifi yangu mkubwa, mama yake yule mpwa, alikusanya vitu uani mbele ya mchungaji na wazee. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akauliza kwa upole tu, "Wifi, ni vyote?"

Mdomo wangu, ninavyoujua, hauwezi kujibu neno moja likatosha. Biblia ilikuwa magotini kwa mchungaji. Hakuna aliyeniambia niiguse. Nikaiwekea mkono. "Ni vyote. Kama kuna kilichobaki, Mungu anione."

Wifi akaitikia kwa kichwa. Halafu akaanza kurudisha: kitanda, masufuria, redio, cherehani. "Ndugu yetu alikaa vizuri na wewe," akasema. "Hatutakutoa kama mbwa." Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata kuitwa mtoto.

Wakamketisha mpwa kwenye mkeka. Akanywa maji, maji ya mtungi wangu, kikombe kizima. Wifi akamfunga ile saa nyeusi, na mkono wa kijana ulikuwa mkono uleule wa mjomba wake, na mishipa ileile, saa ikakaa bila kuteleza. Tukapita mmoja mmoja kumwamkia kwa jina la marehemu. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, nikapiga makofi kama desturi yao inavyotaka, nikamwita jina la mume wangu. Nilikuwa natazama saa. Niliyoichukia miaka kumi na mbili, sasa nilitaka kuivuta mkononi mwa mtu.

Asubuhi yake lori la kwenda Mansa lilisimama mbele ya nyumba. Wifi alikuwa mlangoni akifunga mizigo, mgongo wake umetuelekea. Mpwa akaingia jikoni kuniaga. Alivua saa, akaishika, bila kunipa.

"Mama," akasema, maana jina la mume wangu lilikuwa bado halijamkaa, "unaona hii nukta?"

Nukta ya pete ilikuwa imesimama kwenye namba saba.

"Yama," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita mjomba, "alikuwa anazungusha kila ukitoka kwenda kiliniki. Anaangalia dakika. Ukichelewa ananituma barabarani. Hii ni ya siku ya mwisho, sikuigusa."

Nakumbuka nilikuwa nimeshika kikombe cha bati.

"Aliniambia neno lingine," akasema, sauti chini. "Kama mama iko na saa ingine, na roho yake inalilia hii, mubadilishane. Asiulizwe mbele ya batu. Iko na saa ingine, mama?"

Pale mlangoni mikono ya wifi ilikuwa imesimama juu ya fundo. Labda ilikuwa imekwama tu. Labda alikuwa anasikia. Nikaiona Biblia, nikauona mkono wangu juu yake, nikaona kitanda na cherehani nilivyorudishiwa kwa wema. Nikafikiri: nikisema ndiyo, nitakuwa mwizi mbele ya huyu mwanamke mpaka nife. Kiburi kikanishinda.

"Siko na saa ingine," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akasema ana kiu, na akaelekea mtungini. Nikamwahi. Nikachota mwenyewe, na maji ya asubuhi ile yalikuwa machache, nilikuwa bado sijaenda kuteka. Kikombe kikagonga chini. Haikuwa sauti ya bati juu ya udongo. Ilikuwa sauti ya chuma juu ya kioo, na jikoni mlikuwa kimya.

Nikampa kikombe. Akanywa polepole, akamaliza, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu anayemrudishia mkubwa wake. "Asante, mama," akasema. Akavaa saa, akasubiri pale, nadhani kwa muda wa kutosha mtu kubadilisha neno lake. Mimi nilikuwa nachungulia ndani ya kikombe kitupu.

Lori likaondoka. Ya buluu ninayo hadi leo. Sikuiuza, na sikuivaa. Kila nikiifuta Jumapili nafikiri juu ya yule mpwa. Angeniuliza mara ya pili, ningesema ndiyo. Lakini mjane haulizwi mara mbili, na yeye alikuwa amelelewa vizuri.