Mizizi Kwenye Chupa ya Uji

Mwanangu alikuwa na miezi kumi na moja siku alipoutema uji wangu. Nikaonja. Uchungu ulinishika hadi kooni. Kumbe baba yangu alikuwa ametumia chupa ya uji wa mtoto kuwekea mizizi yake ya kuchemsha, akaisuuza kwa maji ya baridi na kuirudisha kabatini kama vile hakuna kitu.

Nilichemka. Baba ana saratani ya tezi dume, na kila miezi mitatu nilikuwa namsindikiza kutoka Mungaa hadi hospitali mjini Singida akachomwe sindano. Nilipojifungua akasema ataenda mwenyewe. Nilipombana siku hiyo ndipo akakiri: hospitali hakuwa anafika, alikuwa anaenda Mkiwa kwa muuza mizizi.

Kesho yake nilimpeleka mjini, mtoto mgongoni, mabaki ya mizizi kwenye chupa ileile. Daktari, kijana tu, alimpa baba shikamoo yake, akainusa chupa na hakucheka. Akaeleza kwamba uvimbe ule hukua kwa kuamriwa, na amri huletwa na homoni ya kiume kupitia damu. Sindano huizima amri. Alisema kwenye mimea kweli kuna kemikali ambazo wataalamu wanazipima maabara kuona kama zinaweza kuzuia amri za namna hiyo, lakini ndani ya chupa hii hakuna anayejua kuna nini, wala kiasi gani.

Baba aliangalia sakafu. Kisha akamwambia daktari, siyo mimi, “Nimehasi madume ya ng'ombe maisha yangu yote. Najua mnachonifanya.”

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakimbia. Kwetu baba hasemi maneno hayo mbele ya binti yake. Daktari akanitazama, nitoke. Sikutoka.

“Baba, yale madume uliyoacha bila kuhasi yako wapi? Si uliyauza yote mnadani? Na maksai wako wa jembe ana miaka mingapi?”

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

“Kumi na miwili,” akasema huku anacheka. “Na bado anavuta, mjinga yule.”

Akaanza kufungua vifungo vya shati achomwe sindano. Nikageukia ukutani, heshima kidogo ilikuwa imebaki.

Sindano inamtoa jasho la ghafla na analalamika kila siku. Alalamike. Yupo. Nikikumbuka yule kijana alivyoinusa chupa bila kumdhihaki mzee wangu, namshukuru Mungu. Mtoto sasa anatembea, na babu yake anamkimbiza kwenye alizeti. Chupa ya uji nimenunua nyingine. Ile ya zamani nimemwachia baba, anawekea chai.