Spika Mbili Ndogo za Baba Branice

Mume wangu Khaemba alistaafu kazi ya reli akabaki na vitu viwili: goti linalouma na spika mbili kubwa kama makabati. Ziko sebuleni kwetu hapa Voi tangu tulipooana, na anayezipangusa vumbi hili jekundu ni mimi. Ukitaka kwenda jikoni lazima upite kwa ubavu. Wageni wanazisifu. Wageni hawapangusi!

"Siku hizi hamna spika kama hizi," huwaambia. "Hizi ni mbao, si karatasi."

Khaemba ni mtu mwema, lakini ana kichwa kigumu, Mungu anajua. Sababu yake naijua. Marehemu ndugu yake Sylus alipiga gitaa la besi katika bendi ya wafanyakazi wa mkonge, wakarekodi kanda moja tu. Kila Jumapili baada ya kanisa Khaemba huiweka, anafumba macho, na kuta zinatetemeka.

Mwaka huu mama yake, ambaye sote tunamwita Kukhu, alishindwa kukaa peke yake kule Bungoma. Ilibidi aje kwetu. Chumba cha kulala ni kimoja tu, chetu, na humo hawezi kulala. Kwa desturi yetu mama haingii chumba cha mwanawe aliyeoa, ni mwiko. Basi ni sebuleni, na kitanda kingeingia mahali pamoja tu: pale penye spika.

"Si akae kwa binti yetu Branice, kule Maungu alikoolewa?" akasema Khaemba.

Nilichemka. "Mama yako akalale kwa wakwe zetu, kwa ajili ya maspika? Haki, Baba Branice, huoni haya?"

Akainama. "Nikiziondoa, Sylus nitamsikia wapi?"

Kumbe ndilo linalomuuma. Hasira yangu ikaisha nusu. Nusu nyingine nikaenda nayo mjini kwa Fawaz, muuza redio.

"Nataka ndogo, na besi isikike," nikamwambia.

Akanipa mbili za kukaa juu ya rafu, kila moja naibeba kwapani. "Usizidharau kwa umbo, mama. Hili tundu la nyuma ndiko besi inakotokea. Zisipokupendeza, nirudishie."

Khaemba alizifunga nyaya mwenyewe, akakawia sana huko nyuma, kisha akaweka kanda. Sauti ikatoka nyembamba. Gitaa la Sylus halipo.

"Si nilikuambia?" akasema, na wala hakufurahi kuwa ameshinda. Alikuwa kama amefiwa upya.

Mimi sishindwi upesi hivyo. Nikazunguka nyuma ya rafu. Wacha! Matundu yote mawili yamezibwa kwa kitambaa, kimeshindiliwa mpaka ndani. Mtu huyu amekaa miaka mingi katika nyumba za reli, na huko tundu lolote ni nyumba ya mende. Huziba tundu la ufunguo, huziba sinki, hata mdomo wa birika huuziba.

"Sasa mende je?" akaniuliza, tena kwa dhati.

"Mende nao wasikize muziki!" Nikavivuta vile vitambaa.

Besi ikaja. Kuta hazikutetemeka, lakini kila uzi aliougusa Sylus ulisikika. Khaemba akakaa chini polepole. Kesho yake ni yeye aliyeita mkokoteni, spika kubwa zikapelekwa kwenye ukumbi wa kanisa.

Kukhu alifika wiki hiyo hiyo. Jumapili tukamkalisha kitandani mwake, Khaemba akaweka kanda, akawa anamtazama mama yake usoni, roho juu. Kukhu akasikiliza. Ghafla akainua kidole.

"Hapo! Hapo amekosea. Hata nyumbani alikuwa anakosea hapo hapo. Namwambia rudia, yeye anacheka tu."

Miaka yote ile Khaemba hakuwahi kulisikia kosa hilo. Akarudisha kanda nyuma. Wakalisikiliza tena, na tena, mama na mwanawe, wanacheka huku machozi yanawatoka.