Mtani wa Baba

Mafuta ya kondoo yana harufu nzito inayogoma kutoka mkononi hata ukinawa kwa sabuni. Juzi nilipita kwa fundi viatu mmoja hapa Tabora, nikamkuta akiyapaka ngozi ili ilainike, nikaegemea mlango wake. Maskini fundi akaniletea kigoda akidhani ni uzee. Uzee upo, sikatai, lakini siku hiyo nilikuwa nimemkumbuka Mwalimu Pazi, aliyekuwa akiyapaka mafuta hayohayo kwenye mpira wa ngozi wa shule yetu zama za Mwingereza.

Mwalimu Pazi alikuwa Mzaramo, kaletwa kwetu kufundisha hesabu, akajitwika na kabumbu la wavulana. Kaka yangu Maganga alicheza winga ya kushoto. Baba yetu, fundi wa karakana ya reli, alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa palepale, na nyinyi mnajua mambo ya Wanyamwezi na Wazaramo. Ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe na kupita katika nchi yao. Mtani anakwambia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Utani huo ndio uliotuokoa Jumamosi nyingi. Mechi ikiisha, wazazi waliingia uwanjani wamefura. Huyu anauliza kwa nini mwanawe katolewa, yule anataka kujua nani kampanga golikipa kipofu. Mwalimu hakubishana na mtu. Alimtafuta Baba kwa macho, akaanza kumchamba Mnyamwezi na ukoo wake wote, Baba naye akamrudishia, na watu wakacheka mpaka mwenye hasira akakosa wa kumsikiliza. Nilimwona baba mmoja aliyekuja na fimbo akiondoka kaegemea bega la Mwalimu huku akijifuta machozi ya kicheko. Nilikuwa msichana mdogo, nikaamini hakuna ugomvi duniani usioponywa namna ile.

Kisha wakaja vijana wa Bukene, kwa treni, kucheza nasi. Maganga alikuwa ndiyo kwanza katoka kwenye homa, moja ya zile homa zilizokuwa zikimrudia kila masika. Dresa wa zahanati alimwambia Mama kwamba bandama la mtoto limevimba, asirukeruke wala asigongwe tumboni. Asubuhi ile Mama aliuchukua mkono wa Baba, akauweka chini ya mbavu za kushoto za Maganga ili ahisi mwenyewe lile gumu lililokuwa pale. Kisha akamtuma Baba akamwambie Mwalimu asimpange. Kufikia hapo Maganga alikuwa kashatoroka na jezi yake.

Nilikwenda na Baba. Tulimkuta Mwalimu kachuchumaa kando ya uwanja, mpira magotini, vidole vinang'aa mafuta, watu wa reli wamemzunguka.

"Mtani, leo mwanangu umwache," Baba akasema. "Tumbo lake si zima."

Mwalimu hakuinua hata kichwa. "Babu yake alibeba pembe ya ndovu kutoka hapa mpaka kwetu pwani. Leo mjukuu anashindwa kubeba tumbo lake mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka. Akajibu kwamba kwao Uzaramo hakuna aliyewahi kubeba kitu kizito kuliko dafu, wakacheka tena, na kwa kicheko hicho Baba akaenda kukaa na wenzake. Habari ya tumbo hakuirudia. Nilimvuta shati, akaniambia nitulie.

Maganga alicheza vizuri sana siku ile. Mechi ilikuwa karibu kwisha aliporukia mpira pamoja na beki wa Bukene, goti la yule kijana likamwingia ubavuni. Hakukuwa na ubaya wowote, wote wawili walikuwa wakitazama mpira. Maganga akainuka, akatembea kidogo, akaketi kwenye nyasi. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa imepauka, akaniambia anasikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Filimbi ilipolia wazazi wakamvamia Mwalimu kama kawaida yao, ila safari hii walitaka kumpiga kweli. Akamtafuta Baba kwa macho. "Mnyamwezi," akaanza, asimalize. Baba alikuwa kapiga magoti kando ya Maganga.

Mama alifika akitweta, kaitwa na jirani. Watu wakampisha. Akamuuliza Mwalimu bila kupaza sauti kama baba wa mtoto hakumwambia.

"Aliniambia, mama," Mwalimu akasema. "Nilidhani ananitania."

Mama akageuka kumtazama Baba, na Baba akainamisha uso. Maganga alifia hospitali kabla hakujapambazuka.

Siku ya mazishi vijana wa karakana waliapa kwamba Mzaramo yule akikanyaga pale watamvunja miguu. Alikuja, peke yake, kofia mkononi. Baba akamfuata njiani, akamwambia kazi yake inamngoja. Kwetu mtani ana kazi msibani, kuwatania wafiwa hata kaburini, na haikwepeki. Basi jeneza lilipokaribia kaburi, Mwalimu Pazi akaketi chini mbele yake, akaziba njia.

"Hapiti mtu," akasema. "Mnyamwezi kazi yake kubeba. Huyu leo kwa nini abebwe?"

Ndipo Baba akacheka. Alicheka kwa nguvu, peke yake, mpaka wengine wakaona haya kumwacha, nao wakacheka. Mwalimu akainuka, akashika jeneza pamoja na wachukuzi, na hakuna aliyemgusa. Mama hakucheka.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya moyo mkubwa wa Baba. Niliwasimulia hata wanangu. Sikujiuliza kwa nini Mama aliendelea kuitikia salamu za Mwalimu Pazi, akamuuliza na habari za watoto wake, ilhali nyumbani alimpakulia Baba chakula, akamfulia, akamuuguza mpaka akamzika, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akicheka kwa neno lolote lililotoka kinywani mwa Baba.

Nilimuuliza Mama mwishoni, yeye mwenyewe akiwa kitandani, ilikuwaje asimchukie Mwalimu.

"Nimchukie kwa lipi?" akasema. "Yule hakuwahi kulishika tumbo la mwanangu. Baba yako alilishika."