Koti la Kijani la Vernice Tolbert

Kwa miaka hamsini na minne Bi Odessa Grier alisimulia mgomo wa Pasaka, ule wa kususia maduka ya Wazungu, kana kwamba aliuzaa yeye. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na sasa ni mama wa kanisa pale Kanisa la Mlima Nebo, kofia nyeupe kichwani, kiti chake mstari wa mbele. Hakuna mtoto wa Tarver, Alabama, ambaye hakuwahi kumsikia akisema, "Mwaka ule hatukununua hata pini kwa wale Wazungu!" Watu walimpigia makofi naye akayapokea. Tusidanganyane: alikuwa muongo, na alijijua.

Basi maktaba ya chuo ilipopewa makaratasi ya marehemu Meya Broadnax, ilimwita Bi Odessa aje atambue sura na majina. Huyo Broadnax ndiye aliyeongoza mgomo alipokuwa bado mchungaji wao kijana, miaka mingi kabla hajawa meya. Kila Jumanne Bi Odessa aliketi mbele ya maboksi, mkoba wake umefungiwa kabatini, mkononi penseli tu, maana kalamu ya wino ilikuwa marufuku humo ndani.

"Bi Odessa, nisaidie hapa," alisema Jocelyn, mtunza nyaraka, akimsogezea karatasi ya majina iliyogeuka rangi. "Hawa ndio waliovunja mgomo. Jumapili tunaiweka ukutani kwenye maonyesho. Huyu aliyepigiwa mstari, Vernice Tolbert, ni nani?"

Bi Odessa akaitazama karatasi. "Aa, huyo! Alihamia kwa Wamethodisti ng'ambo ya mto. Simkumbuki sana, mwanangu."

Simkumbuki sana! Mtu aliyekuwa akimsuka nywele kila Jumamosi.

Mwaka ule Mchungaji Broadnax alikuwa ameagiza watoto waje Pasaka na nguo zao kuukuu, maduka ya mjini yasionje hata senti. Lakini Lorraine, binti wa Odessa, alikuwa na miaka mitano na alipangiwa kusoma shairi la Pasaka mbele ya kanisa zima. Viatu vyake vilikuwa vimekatwa mbele ili vidole vipate nafasi. Odessa hakuweza kuvumilia. Koti lake lilikuwa limepasuka mkono, asubuhi ina baridi, akaazima la Vernice akidai anakwenda kliniki. Koti lenyewe la kijani, Vernice kalishona mwenyewe, vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa. Akajitanda kitambaa kichwani, akaingia dukani kwa mlango wa nyuma, akanunua viatu vyeupe. Wanakanisa waliokuwa wakilinda mgomo ng'ambo ya barabara hawakuona uso, waliona koti, na nani Tarver asiyelijua koti lile?

Jioni alilirudisha limekunjwa vizuri, akasema asante.

Asubuhi ya Pasaka majina ya waliovunja mgomo yakasomwa kanisani. Vernice akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila neno. Kuhusu viatu, Odessa aliwaambia watu vimetoka kwa shangazi yake wa Chicago. Tangu siku hiyo alijifariji kwamba Vernice hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Basi jina lake tuliache bila maelezo?" Jocelyn aliuliza. "Maana kuna na barua yake kwa mchungaji. Soma mwenyewe."

Bi Odessa akavaa miwani. Mwandiko aliujua kabla ya kusoma neno.

*Mchungaji, umenitaka nimtaje aliyevaa koti langu. Simtaji. Ana mtoto, na hapa kanisani ndipo pekee anapoheshimiwa. Atasema mwenyewe. Nitamngoja. V. Tolbert.*

Kumbe Vernice aliulizwa! Aliulizwa akakataa, na mwenzake dakika mbili zilizopita kasema hamkumbuki. Kidogo aikunje barua ile aisukumie ndani ya mkono wa gauni. Vidole vilishaanza. Jocelyn alikuwa ameinama kwenye boksi jingine, haoni kitu. Lakini neno lile "nitamngoja" lilimzuia, akailaza barua mezani.

Akachukua kikaratasi cha kutambulisha majina, akaandika kwa penseli, polepole: *Koti lilikuwa la Vernice. Ndani yake nilikuwa mimi, Odessa Grier.*

Jocelyn alikisoma mara mbili. "Bi Odessa... hiki kitakaa ukutani. Kanisa zima litasoma."

"Najua kusoma, mwanangu. Na wao wanajua."

Hakungoja Jumapili. Alimwomba Lorraine, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, ampeleke ng'ambo ya mto, kisha akamwambia abaki garini. Vernice alikuwa barazani akimenya njegere, mwembamba, macho yale yale.

"Odessa Grier," alisema bila kuinuka. "Umekuja kuazima nini?"

Bi Odessa alisimama kwenye ngazi kama mtoto aliyekojoa darasani. "Nimesema, Vernice. Nimeandika. Ningesema zamani, nikaogopa, halafu nikazoea. Nimeona haya mpaka sijui niangalie wapi."

"Niangalie mimi."

Akamwangalia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yote aliyowahi kufanya.

Vernice alimenya ganda moja, akamenya jingine. "Kitu kimoja nimetaka kujua miaka yote hii. Mimi niliondoka kabla watoto hawajasoma. Lorraine alisomaje shairi lake?"

Bi Odessa alifungua mdomo. Jibu la siku zote lilikuwa tayari, kwamba mtoto alisoma vizuri na kanisa likalia.

"Hakusoma," alisema. "Alisahau yote. Alisimama pale kimya anatazama viatu."

Vernice aliliweka ganda chini. "Vilikuwa vizuri?"

"Vilikuwa vizuri sana," alisema Bi Odessa, akakaa pale pale kwenye ngazi, akalia.