Gitaa la Kushoto

Dada yangu ni fundi bodi. Gari likigongwa likabonyea, analetewa yeye alinyooshe, na gereji nzima inamwita Mama Nyundo ingawa mtoto hana. Nyundo zake nne hutembea nazo begani, kwenye mkoba wa turubai, na hamwazimi mtu hata moja. Ukimwona akiupiga mlango wa gari utadhani wanagombea shamba.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akitoka kazini saa saba, hupitia duka la santuri akanunua moja. Si za mapenzi wala za kucheza harusini. Ni roki, tena ile roki isiyopigwa redioni, ya vijana wenye sauti za kukwaruza na magitaa yanayolia kama yanachinjwa. Mimi mdogo wake sijawahi kuipenda. Akishasikiliza, huandika maoni yake nyuma ya jalada kwa kalamu ya wino. Kwenye jalada lenye picha ya kiti kilichoungua aliandika: "Huyu haimbi, anavunja mlango kutoka ndani." Kwenye jalada la mbwa mweupe: "Mpiga ngoma ana hasira, lakini anajua pa kuiweka." Na kwenye jingine: "Upande wa pili hovyo. Wamechoka au wameoa."

Mumewe, shemeji yangu, hasira yake hakujua pa kuiweka. Ni dereva wa teksi. Hugonga nguzo, hugonga ukuta, hugonga mke, kisha humwachia dada anyooshe vyote. Mlango wa kushoto wa teksi ile dada kaunyoosha mara tatu. Santuri tano shemeji alizivunjia gotini, moja baada ya nyingine, dada akitazama, eti zinampigia kelele. Ndipo dada akanunua hedifoni, akawa anasikiliza peke yake, mgongo ukutani, macho mlangoni.

Nilimwomba aondoke. Nilimwambia kabisa kwamba atauawa mle ndani.

"Nyumba nimeijenga mimi kwa nyundo hizi," alinijibu. "Aondoke yeye."

Nikamtupia methali, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Naijutia mpaka leo.

Mwezi ule shemeji alimpiga dada kofi la sikio la kushoto, dada akaangukia meza. Kosa lake ni kwamba aliitwa hakuitika, kwa kuwa alikuwa amevaa hedifoni. Sikio likavuma wiki nzima. Hakulalamika, maana pale gereji masikio ya kila mtu yanavuma.

Mwisho wa mwezi akanunua santuri ya jalada jekundu. Jumamosi iliyofuata alinipitia, amenuna.

"Nisindikize dukani. Wameniuzia mbovu."

Muuza santuri ni mzee mpole ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimuuliza ina nini.

"Gitaa la kushoto hamna," dada akasema. "Mzee wangu, nimesikiliza nyimbo zote. Hamna."

Mzee akaiweka kwenye mashine, akavaa hedifoni, akafumba macho. "Lipo, mama. Tena linakata kama msumeno."

Akamvisha dada. "Hamna," dada akarudia.

Mzee akamvua, akazigeuza, ya kushoto akaiweka kulia, akamvisha tena. Nilimwona dada akishtuka. Gitaa lililopotea lilikuwa limemwingia lote sikio la kulia, na lile alilokuwa akilisikia mwanzo likatoweka. Alisimama vile vile mpaka wimbo ukaisha.

"Unisamehe, mzee," alisema. "Santuri ni nzima."

Mzee akamtazama sikio, akanitazama mimi, akaanza kufuta santuri isiyo na vumbi.

Tukaenda kwake. Teksi ilikuwa mbele ya nyumba. Dada akafungua mkoba, akachagua nyundo kubwa, akaanza na mlango wa kushoto. Hakuvunja kioo hata kimoja, wala hakupiga ovyo. Kila mahali alipowahi kupanyoosha alipabonyeza tena, akipakumbuka pamoja na mwezi alipopanyoosha. Bati lililia mpaka majirani wakatoka. Na mimi, niseme kweli, nilifurahi. Nilitaka apige zaidi.

Shemeji akatoka mbio, mkono juu, akimjia kwa kushoto.

"Acha! Wewe mwanamke, nasema acha!"

Aliita mara tatu. Nilinyoosha mkono nimvute dada, nikachelewa. Yeye hakugeuka, bati likimlilia sikio la kulia. Alivuta nyundo upande ule ule ili apate nguvu ya kupiga, nayo ikakutana na mkono uliokuwa unashuka kichwani kwake. Mfupa ulivunjika kwa mlio ambao sote tuliusikia, isipokuwa yeye. Aligeuka tu kwa sababu nyundo iligonga kitu ambacho si bati.

Kwenye kituo cha polisi shemeji alikuja na bandeji mpaka kiwikoni. Alisema alimwita mara tatu, mke akajifanya kiziwi ili amvunje mkono. Majirani wakakubali kwamba aliita, tena kwa nguvu.

"Watu wa nyumba ya nne wamesikia," askari akamwambia dada. "Wewe uliyekuwa naye hapo hapo hukusikia?"

"Alinijia kushoto," dada akasema. "Kushoto sisikii. Muulize yeye kwa nini."

Askari akamuuliza. Shemeji aliutazama ule mkono wenye bandeji, akauficha nyuma ya mgongo.

Daktari alipoandika kwamba sikio lile halitasikia tena, shemeji alifuta kesi akahamia kwa kaka yake. Teksi bado imebonyea, maana mafundi wengine wanaogopa kuishika.

Siku hizi nikienda kwa dada nakaa kulia kwake. Juzi nilishika jalada jekundu, nikaligeuza nisome maoni. Aliandika: "Magitaa mawili. La kushoto ndilo zuri zaidi. Ukitaka kulisikia, geuza hedifoni."