Bomba Lisilo na Mwenyewe

Agness alizaliwa Kisiba, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, akasoma mpaka akawa fundi sanifu wa maji, kisha akarudi kufanya kazi Tukuyu mjini. Kazi ya kwanza kubwa aliyokabidhiwa ilikuwa ya ile mitaa ya katikati iliyokuwa inasubiri lami. Lami yenyewe haikumhusu. Hiyo ilikuwa ya Wilson, mhandisi wa barabara, mtu mpole lakini asiyependa kungoja. Agness alitakiwa kushughulika na kilichomo chini: mabomba chakavu yang'olewe, mapya yalazwe, halafu ndipo amwambie Wilson kwamba sasa unaweza kufunika. Alikwisha kuona miji mingine lami inamwagwa, na kabla haijapoa vizuri watu wanarudi na sururu kutafuta bomba lililopasuka. Aliapa mtaa wake hautafika huko.

Michoro aliyoikuta ilionyesha mabomba mawili, la chuma la zamani na la plastiki, yote yakifuata barabara. Akamchukua Mudathiri, fundi bomba mwenye asili ya pwani aliyezaliwa na kukulia hapo hapo Tukuyu, wakachimba mashimo ya majaribio. Kila shimo liliwapa mabomba mawili kama michoro ilivyosema, mpaka walipofika pale barabara inapoanza kuteremka. Hapo yakawa matatu. La tatu lilikuwa jembamba, la chuma, limepita chini ya yale mengine na kuikata barabara toka upande mmoja hadi mwingine.

Mudathiri aliligonga, akatega sikio, akasema lina maji. Wakafunga tenki la mji. Mabomba mawili yakakauka, lile la tatu likaendelea kama vile halijasikia. Wakalitoboa kidogo, yakaruka maji meupe, ya baridi, yasiyonukia dawa.

Basi wakaanza kuulizia mwenyewe. Misheni waliambiwa hilo ni la watu wa mashamba ya chai. Watu wa chai wakasema ni la serikali ya zamani, kabla ya uhuru. Msikitini wakajibiwa kwamba maji ya udhu yanatoka kwenye mita kama ya kila mtu. Walipolifuata kuelekea juu, liliingia chini ya maduka yaliyojengwa zamani, likapotea. Walipolifuata kuelekea chini, lilizama kwenye mawe na mashamba ya watu. Agness alirudi ofisini amechoka, anajua kidogo kuliko alivyojua asubuhi.

Wilson alimwambia mvua hazipo mbali na greda limeshafika. Akatoa ushauri uliosikika wa busara: lifungwe, mwenyewe atajitokeza kulalamika. Mudathiri akaliziba. Gari la matangazo likazunguka mitaa yote, likisema yeyote aliyekatikiwa maji afike ofisi ya maji.

Agness akakaa kumsubiri mlalamikaji kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja. Walikuja watu wengi. Huyu bomba lake linatoa tope, yule mita yake inavuja. Wa lile bomba jembamba hakutokea. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Maji mengi kiasi kile, yanayotiririka usiku na mchana, hayawezi kuwa yanakwenda bure. Kuna mtu aliyekuwa anayatumia. Sasa mbona amenyamaza?

Kabla ya barabara kufungwa, uliitishwa mkutano wa mtaa. Wilson alieleza magari yatapita wapi, watu wakauliza juu ya vumbi na mifereji. Halafu akasimama mzee mmoja, Ambindwile, mkulima wa migomba na parachichi kwenye mteremko chini ya mji. Alivua kofia. Akasema swali lake si la barabara, ila kwa kuwa wataalamu wa maji wapo, angeomba wamsaidie.

Pembeni ya shamba lake palikuwa na chemchemi, na majirani wote walichota hapo tangu enzi za baba yake. Waliwahi kuelimishwa kwamba mikaratusi inakunywa maji mno, ni heri kuikata. Yeye akaikata yake iliyokuwa karibu na chemchemi. Haukupita muda, chemchemi ikakauka kabisa. Sasa majirani wanasema ile miti ndiyo iliyokuwa inayashika maji. Kanisani watu hawakai naye benchi moja. Shemeji yake, Sekela, hapiti tena uani kwake.

"Nilikata ili maji yaongezeke, yakaisha," alisema. "Mwanzoni nilijua wao ndio wamekosea. Siku hizi sijui tena. Naomba mnieleze nilikosea wapi."

Agness akamuuliza kwa heshima, "Tata, yalikauka lini?"

Mzee akafikiri, akasema ni siku zile gari la matangazo lilipokuwa linapita.

"Na tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia vizuri."

"Mbona hukuja ofisini?"

Ambindwile alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Nije ofisini kwa ajili ya chemchemi? Chemchemi si ya ofisi, mwanangu."

Kesho yake Mudathiri alibaki barabarani kulifungua lile bomba, na Agness akateremka hadi chemchemini. Ambindwile alikuwapo, na Sekela na majirani kadhaa, wamesimama mbali na mzee. Mawe yalikuwa na ukungu wa kijani uliokwisha kukauka. Yakaanza kutoka maji mekundu ya kutu, kidogo kidogo, kisha yakawa meupe. Hakuna aliyeshangilia. Agness akachokoa kati ya mawe mpaka akagusa mdomo wa bomba ulioliwa na kutu, akawaonyesha.

Sekela aliuliza kama ina maana miaka yote hiyo wamekunywa maji ya mji. Agness akasema hapana, si ya mji. Ya nani, basi? Nani aliyelaza bomba hilo? Agness akakiri kwamba hajui.

"Na miti?" Sekela akauliza.

"Miti haikuhusika, mama. Mimi ndiye niliyefunga maji."

Walimtazama yeye, wakamtazama mzee, wakatazama maji. Sekela aliinama akajaza ndoo yake, akaondoka. Ilionekana ni rahisi zaidi kumkasirikia mzee wanayemjua kuliko kuelewa jambo hili.

Kwa Wilson haikuwa rahisi pia. Agness alitaka bomba jipya la maji yale lipite chini ya barabara ndani ya bomba kubwa la kinga, na chemba ya ukaguzi kila upande, kabla kifusi hakijashindiliwa. Wilson akauliza kwenye michoro litaandikwa ni la nani. Wakabishana hadi wote wawili wakachoka, na mwishowe Wilson akakubali sehemu ile iwekwe lami mwisho kabisa. Agness aliandika "bomba la chemchemi". Wilson akasema kitu ama ni bomba ama ni chemchemi, lakini Agness akaliacha jina hilo vile vile. Mpaka leo yeye na Mudathiri wakipata nafasi hupanda juu kutafuta linakotoka, na kila mara hupotelea nyuma ya yale maduka.

Lami ilipokwisha, Agness aliteremka kuangalia kama maji yanafika sawasawa. Yalikuwa yanafika. Alimkuta Ambindwile anachimba mashimo kuzunguka chemchemi, na Sekela ameketi karibu, anamsimulia habari za msiba aliohudhuria. Mzee alimuuliza apande miti gani.

Agness akamkumbusha kwamba miti haikuwa na kosa, wala yeye.

"Nilikusikia," Ambindwile alisema. "Lakini maji yakikatika tena, hawatalikumbuka bomba. Watanikumbuka mimi."

Agness alifikiria juu ya miti, akagundua kwamba hilo nalo halijui. Akamwambia ataulizia kwa wanaojua. Mzee akashukuru, akasema ndaga, akaendelea kuchimba.