Karani wa mizani aliyevusha abiria tisa Korongo la nyota

Saa moja na robo asubuhi, lori lenye shehena ya vigae linapanda kwenye mizani na kusimama. Ndani ya kibanda cha vioo, mwanamke aliyevaa koti la njano anatazama namba zikipanda, zikiyumba, kisha zikitulia. Anafungua dirisha dogo na kumwonyesha dereva vidole vitatu.

"Mia tatu?" dereva analalamika kama mtu aliyeonewa. "Kilo mia tatu, dada, si ni mimi na utingo wangu tu hapa?"

"Basi shukeni nyie wawili, lori lipite."

Madereva waliosimama jirani wanaangua kicheko. Mwenye vigae anasonya, anazima injini na kwenda kufungua kamba.

Hapa wanamwita Kilo. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, kumi na moja kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda hiki, na kwa siku anapima malori themanini hadi mia moja. Jina lililo kwenye kitambulisho chake halijui hata mlinzi wa geti. Ameshaahidiwa soda, mbuzi na ndoa ili afumbe macho, na zote tatu amezikataa, ya tatu kwa sababu tayari anaye mume.

Ambacho wengi kwenye foleni hii hawakijui ni kwamba mwanamke huyu ni rubani. Mwaka huu, katika mchezo wa kompyuta wa kuchunguza anga, alivusha abiria tisa mahali ambapo hakuna chombo cha abiria kilichowahi kuvuka, akawarudisha wote salama. Msomaji asicheke upesi. Mwandishi wa makala haya aliujaribu mchezo huo sebuleni kwa Kilo, na dakika ya nne akaligonga jua.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unapewa chombo na galaksi nzima ya kuzurura. Chombo huruka kwa mpigo mmoja kutoka nyota hadi nyota, na mafuta huchotwa kwenye nyota zenyewe kwa kuzipitia karibu. Ukiishiwa mahali pasipo na nyota, umekwisha. Chombo kinapotea, wote mliomo mnarudishwa mlikoanzia, na kila mlichokigundua njiani kinafutwa.

Pembezoni mwa galaksi hiyo kuna utupu ambao wachezaji wanauita Korongo. Upana wake ni miaka ya nuru sitini na minane, na ng'ambo yake imesimama nyota moja peke yake, Kizingiti. Ukifika hapo na kugeuka nyuma, unaiona galaksi yote kwa pamoja. Marubani wa vyombo vidogo, mmoja mmoja, walishavuka. Vyombo vitatu vya abiria vilijaribu, na vyote vitatu vikaishia katikati.

"Wote walifanya kosa moja," anasema Kilo. "Walijaza tenki. Safari ndefu, mtu anajaza tenki, ndiyo akili ya kawaida. Lakini mafuta nayo ni mzigo! Chombo kizito kinaruka karibu, chepesi kinaruka mbali. Sasa wewe unakwenda kuruka mbali kuliko siku zote, halafu umebeba tani thelathini za mafuta. Unampelekea nani?"

Kompyuta ililetwa nyumbani na mumewe, fundi wa injini za malori, ili watoto wao wawili waisomee. Ilikuwa imetumika, na mchezo ulikuwemo tayari. Watoto waliuchoka ndani ya wiki. Mama yao alipogundua kwamba kila kitu humo kina uzito, na kwamba uzito ndio unaoamua nani anafika na nani hafiki, akajiona amefika kwao. Kifurushi cha intaneti humlia mshahara wa siku moja na nusu kila mwezi, na anasema hiyo ndiyo starehe yake pekee.

Aliyeupinga mchezo huo kwa nguvu zote ni mama mkwe wake. Bibi huyu alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu anaishi nao. "Nilikuwa nasema, mtu mzima na kazi yake anachezea kompyuta!" anakumbuka. "Siku moja napita na kikombe changu cha chai, naona sayari yenye pete. Nikasema, hebu nikae kidogo niikague, wasije wakawa wanadanganya watu. Chai ilipoa palepale."

Tangu siku hiyo akawa hang'oki kwenye kochi. Alifunguliwa akaunti yake, akawa anapanda kama abiria na kushuka kila chombo kinapotua.

Ila macho yake yanaondoka. Ni presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa inazuia tu, kilichopotea hakirudi. Giza linaanzia pembeni na kusogea katikati, sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Siku alipoambiwa hivyo, alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwita mkwe wake.

"Aliniambia, 'Mwanangu, vitu vikubwa haviingii tena machoni mwangu. Hata sura yako naiona nusu nusu. Nipeleke Kizingiti nikaione galaksi kutoka mbali, pale itakapokuwa ndogo. Labda itaingia,'" anasimulia Kilo. "Sasa hapo utamwambia mtu nini? Nikachukua karatasi."

Karatasi hiyo ya manila bado imebandikwa ukutani sebuleni, imejaa namba kutoka juu hadi chini. Kilo aling'oa bunduki za chombo, akang'oa ngao, akang'oa hata ukumbi wa chakula. Abiria walipouliza watakula wapi, aliwajibu kila mtu ale kwake. Kila abiria aliruhusiwa kilo mia moja za mzigo, bila mjadala. Na mpango mzima ulisimama juu ya jambo moja lililowatia watu kiwewe: wangefika ukingoni mwa Korongo wakiwa na mafuta ya kuruka mara moja tu, pamoja na kiasi kidogo cha kuisogelea Kizingiti na kuchota mapya. Wakipungukiwa hata kidogo, hakuna wa kuwaokoa.

Abiria wanane walijiandikisha kupitia ukurasa wa wachezaji, kila mmoja akiwa kwao. Wa kwanza ni fundi umeme anayejiita Fundi Taa, ambaye alikuwemo kwenye kimoja cha vile vyombo vitatu vilivyopotea. "Nilimwambia, dada, kufika pale na tenki tupu ni wazimu," anasema kwa simu. "Akaniuliza, 'Wewe ulifika na tenki lililojaa. Uko wapi sasa?' Nikalipa nafasi yangu."

Nafasi ya tisa ilikuwa ya mama mkwe.

Walisafiri kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi wakati wa chakula cha mchana, kwa wiki sita. Abiria walirekodi nyota zaidi ya mia nne ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia. Kila wiki mama mkwe alisogeza kiti chake karibu zaidi na televisheni iliyounganishwa na kompyuta, na Kilo alikuwa akiona. Chombo kikipotea, wangeanza upya, na wiki nyingine sita bibi huyu hakuwa na hakika nazo.

Jumamosi ya sita walifika ukingoni. Rubani mwingine angebonyeza kitufe na kwenda zake, maana mchezo haukuonyi kama uzito umezidi. Kilo akapima. Kazini kwake lori hupimwa kabla na baada, na hakuona sababu ya anga kupata upendeleo.

Mpango ulisema chombo kisizidi tani mia nne na kumi na mbili. Skrini ikasoma mia nne na kumi na nne.

"Sikushtuka, nilikasirika," anasema. "Kila siku ya Mungu natazamana na watu walioficha mzigo. Nikawasha spika, nikauliza mmoja mmoja. Namba moja? Sina. Namba mbili? Sina, haki ya nani. Mpaka nane. Nikasema, namba tisa? Namba tisa amekaa pembeni yangu, anakunja na kukunjua leso."

"Mama?"

"Vijiwe tu, mwanangu."

Vijiwe vilikuwa arobaini na vitatu. Kila walipotua, mwalimu wa jiografia alishuka, akaokota jiwe na kulificha kabatini mwake. Uzito wa vyote ulikuwa tani mbili na nusu.

"Nisingeweza kupita," anajitetea, akicheka mpaka anafuta machozi. "Miaka yote ile nimewachorea watoto mawe ubaoni kwa chaki. Leo nimesimama juu yake, nisiokote?"

Angekuwa dereva, Kilo angemrudisha bila kupepesa macho, lakini huyu ni mama mkwe, na ni kwa ajili yake safari nzima imefungwa. Akaenda jikoni, akanywa maji glasi mbili, akawa anapanga maneno ya heshima ya kumwambia.

Hakuyahitaji. Aliporudi alimkuta mama mkwe ameinama juu ya kompyuta, uso karibu uguse kioo, akiyatupa nje mawe yake moja baada ya jingine na kuyaaga. "Hili la chumvi. Hili la barafu. Hili hata mimi silijui." Fundi Taa, kwenye spika, akamuuliza kama hana uchungu.

"Mawe nimeshayaona," alijibu. "Hiyo ya ng'ambo sijaiona."

Skrini ikasoma mia nne na kumi na moja na nusu. Kilo akabonyeza.

Kuruka kulichukua sekunde kumi na moja. Mumewe alikuwa amekuja mlangoni, spana mkononi, na hakuna aliyemwona akiingia. Kisha nyota moja nyeupe ikajaa kwenye televisheni, na spika ikapasuka kwa vifijo vya watu wanane waliokuwa katika nyumba nane tofauti. Fundi Taa anakubali kwamba alilia. Kilo hakushangilia mpaka alipoipitia Kizingiti na kuona mshale wa mafuta umeanza kupanda.

Ndipo akakigeuza chombo.

Mama mkwe, karibu na televisheni, aliona doa la mwanga tu. Akashika kiti chake, akakivuta nyuma. Akakaa, akatazama, akatikisa kichwa. Akakivuta tena, mwanawe akampisha mlangoni, akaendelea mpaka kwenye ukumbi wa kuelekea jikoni. Hapo akatulia, mikono magotini.

"Imeingia," alisema. "Imeingia yote. Watoto wangu wa shule niliwachorea ndogo mno."

Alikaa pale zaidi ya saa nzima. Chakula cha mchana alipelekewa hapohapo, na Kilo anasema siku ya furaha kuliko hiyo haikumbuki, ya harusi yake ikiwemo.

Safari ya kurudi ilichukua Jumamosi nyingine sita, na abiria wote tisa walishuka salama na kumbukumbu zao zote. Majina yao sasa yamo kwenye orodha ya heshima ya mchezo huo. Watu ishirini na sita wameomba nafasi katika safari ijayo.

Kibandani, lori la vigae limerudi kwenye mizani baada ya kupunguza mzigo. Namba zinapanda, zinayumba, zinatulia. Kilo anafungua dirisha.

"Arobaini."

"Arobaini tu! Dada Kilo, hata mama yako ungemnyima arobaini?"

"Mama mkwe wangu ameshusha tani mbili na nusu," anajibu. "Wewe na vigae vyako ni nani?"

Dereva hajui anazungumziwa nini, lakini anashuka.

Safari mpya itaanza mwezi ujao, kuelekea katikati ya galaksi, kwa chombo kikubwa zaidi. Macho ya mama mkwe yakigoma njiani, Kilo amepanga kumsimulia kila wanachokipita, naye bibi atamweleza kilivyoumbika. Karatasi ya mpango imeshabandikwa ukutani. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya mafuta, kabla ya abiria, umeandikwa: "Mawe ya Mama, tani mbili."

Mbili imekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake, kwa mwandiko mkubwa wa mwalimu, pameandikwa tatu.

"Nimeiona," anasema Kilo. "Na nitampa. Ila nitayapima mwenyewe."